Flashi Ndogo ya Zamani Katika Jua la Waa

Ufuo wa Waa unatazama mashariki. Jambo hilo dogo la jiografia ndilo linalomtatiza kila mpiga picha anayeteremka kwenye fukwe za pwani ya kusini ya Kenya, toka Waa na Tiwi mpaka Diani na Msambweni, akitaka kumsimamisha mtu mbele ya bahari. Asubuhi, wavuvi wanapozivuta ngalawa zao mchangani, jua liko mgongoni mwao. Maji yanameremeta, mchanga unameremeta, na uso wa mvuvi umeingia giza. Jioni mambo hugeuka. Jua linatua upande wa bara, nyuma ya minazi, na ufuo unaingia kivulini mapema huku anga la juu ya bahari bado lina rangi zake. Nyakati zote mbili picha inadai mwanga kidogo utokao upande wa kamera. Kwa anayepiga kwa filamu, mwanga huo mara nyingi umelala sandukuni ndani ya kijaluba cha ngozi bandia: flashi ndogo ya miaka ya 1970 au 1980, inayotosha kiganjani na kutumia betri mbili au nne za AA.

Kamera za filamu zimerudi mikononi mwa vijana, na flashi hizi huja nazo. Mjomba anatoa Pentax K1000 yake, shangazi anatoa Canon AE-1, na chini ya mkoba kuna kijisanduku cheusi ambacho kijitabu chake kilipotea zamani. Kijana anakichomeka kwenye hotishu, yaani kile kibati cha juu ya kamera chenye nukta ya chuma katikati, anafyatua usiku kucha kwenye arusi ya dada yake, na filamu ikisafishwa anakuta nyuso zilizopauka mbele na giza totoro nyuma. Flashi inarudishwa sandukuni na lawama zake. Imeonewa. Chombo hiki kilitengenezwa kwa kazi ya mita mbili tatu, na kinafuata hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila flashi ina namba yake ya nguvu, ambayo huandikwa mgongoni au chini pembeni mwa herufi GN. Namba hiyo ikigawanywa kwa umbali wa mtu kutoka kwenye flashi, jibu ndilo tundu la lenzi. Canon Speedlite 155A, iliyotolewa pamoja na AE-1 mwaka 1976, ina namba 17 kwa mita na filamu ya kasi ya ISO 100. Mtu akisimama mita 3, 17 kugawanya kwa 3 ni kama 5.6, basi lenzi iwekwe f/5.6. Akisogea hadi mita 2 na kidogo, ni f/8. Akirudi nyuma hadi mita 4 na robo, ni f/4. Olympus T20 ina namba 20, kwa hiyo inafika mbele kidogo zaidi. Filamu ya 200 huipandisha 17 kuwa 24, na ya 400 huifanya 34, maradufu kamili.

Flashi nyingi zina jedwali lililobandikwa nyuma, lakini jedwali hilo lina mitego miwili. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hupima kwa futi, na 56 ya futi ndiyo hiyo hiyo 17 ya mita. Anayechanganya vipimo hivyo ataunguza filamu au ataiacha gizani. Na zile zilizopitia Ujerumani huandika kasi ya filamu kwa DIN: 21 ni filamu ya 100, 24 ni ya 200, 27 ni ya 400. Dawa nyepesi ni kipande cha plasta nyeupe mgongoni mwa flashi, kimeandikwa kwa kalamu umbali wa namna tatu na tundu lake, kwa ajili ya filamu iliyomo kwenye kamera siku hiyo.

Umbali ndio bwana wa mambo yote hapa. Mwanga wa flashi hufa haraka: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika ni robo. Ndiyo sababu ya nyuso nyeupe mbele na ukumbi uliozama nyuma. Mapema miaka ya 1990 wapiga picha wa mitaani walijenga vibanda vyao vya mbao kwenye kivuko cha feri cha Likoni, Mombasa, ndani yake wakatundika mapazia yaliyochorwa na mapambo ya kila rangi. Mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend aliwachunguza kwa miaka mingi na kuwaeleza katika kitabu chake cha 2013 kuhusu picha katika pwani ya Afrika Mashariki. Kibanda kama kile kina faida moja ambayo mpiga picha wa arusini hana: mteja husimama palepale, pazia liko palepale, kamera iko palepale. Tundu likishapatikana mara moja, limepatikana. Mwenye kuhangaika na flashi ya zamani angefanya vyema kuanza kwa namna hiyo. Achague umbali mmoja, tuseme mita 2 na nusu, aweke fokasi hapo na tundu lake, kisha yeye ndiye asogee mbele na nyuma hadi mtu aingie kwenye umbali huo. Hatua tatu ndefu za mtu mzima zinakaribia kabisa.

Sasa turudi ufukweni, maana hapo ndipo ushauri mwingi unaotoka nchi za baridi unapogonga mwamba.

Kamera za lenzi za kubadilisha, kama K1000 au AE-1, zina shata ya pazia iliyo karibu na filamu. Pazia hilo halifunguki lote kwa pamoja kwenye kasi kubwa. Huwa ni mwanya unaopita. Flashi ikiwaka wakati huo, sehemu moja ya picha hupata mwanga na nyingine hukatwa kwa mstari mweusi. Kwa hiyo kila kamera ina kasi ya mwisho inayopatana na flashi: 1/60 kwa K1000 na AE-1, 1/30 kwa Zenit-E ya Kirusi, 1/125 kwa Nikon FM. Chini ya hapo ni ruhusa, juu ya hapo ni marufuku. Kwenye kamera nyingi kasi hiyo imewekwa alama ya X au imeandikwa kwa rangi nyingine. Kamera yenye swichi ya X na FP, kama Olympus OM-1, iwekwe X, kwani FP ilikuwa ya balbu za kuungua mara moja.

Jua la saa sita mchana Diani, kwa filamu ya 100, linataka f/16 kwa 1/125. Ikibidi kushuka hadi 1/60, tundu linafungwa hadi f/22. Kwa flashi ya namba 17, f/22 ni umbali wa sentimita 77. Kumpiga mtu picha kutoka sentimita 77 ni karibu kumnong'oneza sikioni. Na anayedhani filamu ya 400 itamwokoa anajichimbia shimo zaidi. Namba ya flashi inapanda maradufu, ndiyo, lakini tundu linalotakiwa na jua kwa 1/60 nalo linakimbilia f/45, ambalo lenzi za kawaida hazina. Nyingi huishia f/16 au f/22. Filamu ya 400, shata ya pazia na flashi hazikai pamoja katika jua la mchana la pwani. Kichujio cheusi mbele ya lenzi kinaweza kuirudisha picha kwenye kipimo, ila kinapunguza mwanga wa flashi vilevile, kwa hiyo umbali hauongezeki hata kidogo.

Wenye raha katika jua hilo ni wenye kamera ndogo zenye shata ndani ya lenzi. Canonet QL17 GIII, iliyoanza kuuzwa mwaka 1972, hupatana na flashi kwa kasi yoyote hadi 1/500. Jua lile lile, filamu ile ile ya 100: kwa 1/500 tundu ni f/8, na flashi ile ile ya namba 17 sasa inafika mita 2 na zaidi kwa nguvu kamili. Kamera ambayo wengi huiona ya kitoto humshinda hapo mwenye lenzi tatu begani. Si kila kamera ndogo lakini. Olympus Trip 35, kipenzi cha wengi, iliyotengenezwa kuanzia 1967 hadi 1984, nayo ina shata ya namna hiyo, ila ikiwekwa tundu la mkono kwa ajili ya flashi hujifunga kwenye 1/40. Mchana wa jua kali Trip ipigwe bila flashi; jioni na usiku ni hodari.

Mwenye K1000 asikate tamaa. Flashi ya mchana haitakiwi ilishinde jua, inatakiwa ijaze vivuli tu. Macho ya mvuvi yaonekane chini ya kofia, lakini mtu asijue kuwa flashi iliwaka. Kwa hilo, mwanga wa flashi uwe pungufu ya ule wa jua kwa hatua moja au mbili, na kwa ngozi yenye giza hatua moja huwa bora kuliko mbili, kwani mbili karibu hazionekani. Hatua moja ni kutoka f/16 hadi f/11, au f/11 hadi f/8. Hapa hesabu inalegea kidogo kwa upande wa mpiga picha. Saa mbili asubuhi, jua likiwa bado chini na liko nyuma ya mtu, filamu ya 100 kwa 1/60 huweza kutaka f/16. Kwa nguvu kamili flashi ya 17 ingefika mita 1 tu. Lakini kwa kujaza kwa upungufu wa hatua moja inafika mita 1 na nusu, na kwa hatua mbili inafika mita 2. Mita 1 na nusu ni kifua na kichwa kwa lenzi ya milimita 50. Picha ya mvuvi na samaki wake mkononi inapatikana. Picha ya ngalawa nzima na watu wanne haipatikani, na asijaribu.

Flashi yenye sensa, kile kijicho cha mbele, hurahisisha kazi ya kujaza. Mtu anaiambia flashi kwamba lenzi iko f/5.6, hali lenzi yenyewe kaiweka f/8. Flashi inatoa mwanga unaotosha f/5.6, lenzi inapokea pungufu ya hatua moja, na kujaza kumepatikana bila kugawanya chochote. Sharti ni kwamba mtu awe ndani ya umbali ulioandikwa kwa tundu hilo.

Jioni ndiyo saa yake hasa. Kuanzia kama saa kumi na mbili na robo, jua likishatua nyuma ya minazi, anga la mashariki juu ya maji hupata buluu inayoelekea zambarau, na mwanga wote umekuwa mpole kiasi kwamba 1/60 si kikwazo tena. Mpiga picha anapima anga, si mtu. Anaweka kasi ya polepole, 1/30 au 1/15, na tundu ambalo flashi inalitaka kwa umbali wa mtu. Flashi inamgandisha mtu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na shata iliyobaki wazi inaokota rangi ya anga. Watoto wanaocheza mpira mchangani huacha mkia mwembamba wa ukungu kando ya miguu yao. Wapo wanaouita huo ukungu kasoro. Mwandishi wa makala haya si mmoja wao. Kwa filamu ya 400 na flashi ya 17, mtu akiwa mita 3, tundu ni f/11. Ikiwa anga limekwisha kufifia mno kwa f/11, mtu arudi nyuma hadi mita 4 na tundu lifunguliwe f/8.

Usiku wa arusi ni habari nyingine. Kati ya Waa na Kombani, pale barabara ya Kwale inapoachana na ile ya Lungalunga, shughuli nyingi hufanyika uani au chini ya paa la makuti, kwa balbu mbili tatu na pengine taa ya jenereta. Makuti ni adui wa mwanga. Mafunzo ya kigeni humwambia mpiga picha aelekeze flashi darini ili mwanga urudi ukiwa laini. Dari ya makuti huumeza mwanga huo, na kile kidogo kinachorudi kina rangi ya kahawia. Isitoshe, flashi nyingi ndogo zina kichwa kisichogeuka. Ukuta uliopakwa chokaa ndio unaosaidia, kwa wale wenye waya wa kuitoa flashi kwenye kamera: flashi ishikwe kwa mkono wa kushoto, ielekezwe ukutani, na tundu lifunguliwe hatua mbili au zaidi. Bila ukuta, mwanga wa moja kwa moja hauna aibu yoyote. Malick Sidibé wa Bamako alipiga hivyo sherehe za vijana wa Mali miaka ya 1960, na picha yake ya 1963 iitwayo Nuit de Noël, ya kijana na binti wakicheza dansi vichwa vikikaribia kugusana, imezunguka majumba ya sanaa ya dunia.

Tishu ya safu moja mbele ya flashi hupunguza ukali pale mtu anapokuwa karibu mno, chini ya mita 1 na nusu. Wengi huamini inalainisha vivuli. Ulaini wa kivuli hutokana na ukubwa wa chanzo cha mwanga, na tishu juu ya kioo kidogo haikipanui kioo hicho. Wakiitumia, wasiizibe sensa.

Ni arusini pia ndipo sensa inapodanganywa. Kijicho hicho hakijui kinatazama nini. Kinapima mwanga unaorudi na kuizima flashi kikiona umetosha. Bwana arusi na wenzake sita wakiwa wamesimama kwa kanzu nyeupe, mwanga unarudi haraka, sensa inazima mapema, kanzu zinatoka kijivu na nyuso zinapotelea. Kina mama wa buibui nyeusi wakikaa pamoja, sensa inangoja na kungoja, na nyuso zinapauka. Ngoma ya sengenya ikichezwa uwanjani usiku, nyuma ya wachezaji hakuna kitu ila giza, na matokeo ni yale yale ya buibui. Kwa kanzu nyeupe lenzi ifunguliwe hatua moja zaidi ya ile flashi inayotaka. Kwa weusi na giza ifungwe hatua moja. Au, na hii ndiyo njia iliyo bora kwa anayepiga arusi, sensa izimwe kabisa, flashi iwekwe M, yaani ya mkono, na hesabu ya umbali itawale. Kugawanya namba kwa mita hakujali rangi ya nguo wala ya ngozi.

Suala la ngozi halifai kupitwa kimya. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, na nyuso nyeusi zikatoka tope bila maumbo. Filamu za leo zina uwezo mkubwa zaidi, na filamu ya negativu husamehe mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Kwa hiyo, kwa mtu mweusi usiku, hesabu ikisema kati ya f/8 na f/11, ni f/8. Joto la Pwani nalo lina mchango wake: jasho kwenye paji la uso hurudisha flashi kama doa jeupe ambalo hakuna maabara italifuta. Leso safi mfukoni, na kumwambia bibi arusi ajifute taratibu, huokoa picha nyingi.

Picha za ukoo mzima hudai upangaji. Safu ya mbele ikiwa mita 2 na ya nyuma mita 4, ya nyuma inapata robo ya mwanga, na wazee, ambao kwa kawaida hukalishwa mbele, ndio wanaopauka. Mpiga picha arudi nyuma hadi mita 5 kwa safu ya mbele, awapange watu kwa upinde ili wa pembeni wasiwe mbali kuliko wa katikati, na azikaribishe safu zigusane. Filamu ya 400, flashi ya 17, f/5.6: inafika mita 6. Hapo pia ndipo upana wa lenzi unapotakiwa kuangaliwa, kwani flashi nyingi ndogo hutandaza mwanga kwa lenzi ya milimita 35 tu. Aliye na lenzi ya 28 atapata pembe zenye giza na shangazi aliyekatwa nusu na usiku. Na watu wasogezwe mbali na ukuta kadiri nafasi inavyoruhusu, ili kile kivuli cheusi cha kando ya kichwa kianguke nje ya picha.

Ruhusa huja kabla ya hayo yote. Katika mikusanyiko ya wanawake, ya kupamba na ya hina, ambako mabuibui yamevuliwa, kamera mara nyingi hukatazwa, na flashi ndiyo inayomfichua aliyekaidi. Anayealikwa kupiga huko kwa kawaida ni mwanamke, naye aulize picha zitasafishwa wapi na zitaonwa na nani. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo huko Diani ulio miongoni mwa Kaya za Wamijikenda zilizoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, una masharti yake: mgeni hufungwa kaniki kabla ya kuingia, na asipige picha bila idhini ya wazee. Kasa wanaopanda fukwe za Diani na Msambweni usiku kutaga wasipigwe flashi kabisa, kwani mwanga huwafanya wageuke na kurudi majini bila kutaga, na makinda huchanganyikiwa yakaacha kuelekea baharini.

Mtu akitaka kununua au kufufua flashi ya zamani, aanze kwa kufungua chumba cha betri. Pwani hii ina chumvi hewani mwaka mzima, na betri zilizosahauliwa ndani huvuja unga mweupe au kijani unaokula vyuma. Unga huo hutoka kwa kijiti cha pamba kilicholowekwa siki au maji ya ndimu, kisha kukaushwa vizuri; kutu nyepesi kwenye miguso, ya betri na ya hotishu, huondoka kwa kusugua na raba ya penseli. Betri za kuchaji za aina ya NiMH hufaa sana: hujaza flashi haraka kuliko betri za kawaida, na mara chache huvuja. Bado zitolewe kila kazi inapokwisha, na flashi ihifadhiwe ndani ya chombo chenye kifuniko pamoja na pakiti mbili tatu za zile chembe za kukausha unyevu zinazokuja na viatu vipya, silika jeli, hasa masika.

Ndani ya flashi kuna kapasita inayobeba volti 300 na zaidi, hata betri zikiwa zimetolewa. Haifunguliwi na mtu asiye fundi, basi. Iliyolala miaka huamka polepole: iwashwe, iachwe taa iwake, ingoje dakika chache, ifyatuliwe, irudiwe mara kadhaa, kila mara ikijaza haraka kuliko ya kwanza. Ile taa ndogo ya kuonyesha iko tayari ina haraka kidogo. Huwaka kapasita ikiwa haijajaa kabisa, na anayengoja sekunde tano zaidi hupata mwanga ulio kamili. Flashi yenye soketi ya umeme wa ukutani isomwe kwanza maandishi yake: zile za Japani na Marekani hutaka volti 100 hadi 120, na umeme wa Kenya ni 240.

Volti za kufyatulia ni jambo tofauti na hizo. Flashi za kisasa hupitisha volti chache kwenye hotishu, lakini baadhi ya Vivitar 283 za mwanzo, kwa mfano, zilipitisha zaidi ya 200. Kamera ya chuma ambayo shata yake haitumii umeme, K1000 au Zenit, haijali. Kamera ya dijitali inaweza kufa papo hapo, na hata zile za filamu zenye elektroniki, AE-1 ikiwemo, ni heri zipewe flashi iliyotengenezwa kwa ajili yake. Fundi yeyote wa redio mwenye mita hupima kwa dakika moja: flashi ikiwa imejaa, ncha moja ya mita kwenye nukta ya katikati ya mguu wa flashi, nyingine kwenye chuma cha pembeni.

Na kabla ya kuweka filamu, kamera yenyewe ipimwe. Mgongo wa kamera ufunguliwe, lenzi ifunguliwe tundu lote, ielekezwe ukuta mweupe katika chumba chenye giza, na mtu atazame kwa nyuma huku akifyatua flashi kwa 1/60. Akiona mstatili mzima mweupe, kamera na flashi zinapatana. Akiona nusu, ajaribu 1/30. Asipoona kitu, kasoro iko kwenye mguso au waya, na raba ya penseli irudi kazini. Roli ya kwanza baada ya hapo itumike nyumbani: mtu mmoja, mita 2 na mita 4, kila umbali picha tatu, moja kwa tundu la hesabu, moja hatua moja juu, moja hatua moja chini, na karatasi yenye namba ya tundu mkononi mwake ili isomeke kwenye negativu. Flashi ya miaka 40 mara nyingi imepoteza nguvu kidogo. Ikiwa picha zilizofunguliwa hatua moja ndizo nzuri, basi ile 17 iliyoandikwa mgongoni sasa ni 12, na plasta iandikwe upya.